Mbio, ushungi na cherehani

Mashoga zetu wa visiwani. Tunawaandikia kutoka bara, Mwanza, pembeni mwa Ziwa Victoria. Sisi ni mafundi nguo na ni wakimbiaji wa kujifurahisha. Hakuna kati yetu aliyewahi kupata medali zaidi ya ile ambayo kila anayemaliza huvishwa. Wateja wa nguo za harusi wakiziona raba zetu zimeanikwa nyuma ya duka, swali huwa lile lile: mwanamke wa Kiislamu anakimbiaje kilomita kumi, na anavaa nini? Kuna wanaouliza kwa kutaka kujua, na kuna wanaouliza huku wamekunja uso. Jibu lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo ndani ya mishono.

Kwanza tuondoe dhana kwamba wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikimbia tangu zamani na sisi ndio tumechelewa. Mwaka 1928 kule Amsterdam waliruhusiwa kukimbia mita 800 katika Olimpiki. Baadhi ya magazeti yakapiga kelele kwamba wanawake wameanguka hovyo na kwamba mwili wa kike hauwezi, mbio hizo zikaondolewa, zikarudi 1960. Marathoni ya wanawake haikuingia Olimpiki mpaka Los Angeles, 1984. Mama zetu walikuwa wasichana wakubwa tayari.

Kule Boston, mwaka 1966, Bobbi Gibb alikataliwa kujiandikisha, akajificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia, kisha akaingia katikati ya wanaume na kumaliza kwa saa tatu na dakika ishirini na moja. Alikuwa amevaa kaptula ya kaka yake na sweta lenye kofia, na kofia ameivuta kichwani asitambulike. Tukisoma habari hiyo sisi hucheka kidogo: mwanamke wa kwanza kumaliza Boston alianza akiwa amefunika kichwa! Mwaka uliofuata Kathrine Switzer aliingia na namba 261 kifuani, na msimamizi mmoja akamkimbilia njiani kutaka kumng'oa namba hiyo. Boston iliwafungulia wanawake rasmi 1972.

Kwetu Tanzania miaka hiyo jina la mbio lilikuwa la wanaume. Oktoba 1968 John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, na dunia ikamjua. Mwezi huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana, ikaanza Januari 1969. Hatusemi mambo hayo mawili yanahusiana. Tunasema tu kwamba mwanamume alizungumzwa kwa goti lake na mwanamke kwa sketi yake, na hali hiyo hatujaiona ikibadilika sana barabarani. Ajabu ni kwamba tayari mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville, Theresia Dismas alikuwa ameleta medali ya fedha ya kurusha mkuki. Ni wangapi kati yenu mliwahi kulisikia jina hilo shuleni?

Upande wetu wa ziwa ulipata fahari yake 1980. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, upande wa Musoma, alishika nafasi ya pili mita 5,000 Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hiyo na ile ya Filbert Bayi ya kuruka viunzi na maji mita 3,000, Moscow hiyo hiyo, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi michezo ya Paris 2024. Wanawake wetu wa mbio ndefu walikuja baadaye: Zakia Mrisho wa Singida akawa wa sita duniani mita 5,000 kule Helsinki 2005, na Magdalena Shauri akawa wa tatu marathoni ya Berlin 2023 kwa saa 2:18:41. Na Mwanza kwenyewe Rock City Marathon ilianza 2009. Ndiyo iliyowazoesha watu wa hapa kuona kundi la wanawake wakikimbia barabarani bila kuuliza wanamkimbia nani.

Sasa tuje kwenye nguo, maana hapa ndipo tunapokereka au kufurahi kila asubuhi.

Mwaka 1977, katika jimbo la Vermont, Marekani, Lisa Lindahl alikuwa mkimbiaji wa kawaida kama sisi. Kilichomsumbua si mapafu wala miguu, ni sidiria. Mikanda ilimshuka mabegani, vifungo vilimchubua, na kifua kiliuma. Rafiki yake Polly Smith alikuwa mshonaji wa nguo za maigizo, na Hinda Miller alikuwa msaidizi wake. Walijaribu vitambaa kadhaa, na Lisa akikimbia Hinda alikuwa akikimbia kinyumenyume mbele yake ili aone kama kifua kimetulia. Mwisho Polly alichukua vile vivazi vya lastiki ambavyo wanamichezo wanaume huvaa ndani, viwili, akavishona pamoja, mikanda ikapishana mgongoni. Sidiria ya michezo ikazaliwa. Mashoga, fundi cherehani alifanya mengi kwa mbio za wanawake kuliko mikutano mingi ya viongozi wa michezo. Hilo tunalisema kwa kujigamba na hatuombi radhi.

Ushungi nao ulipata mafundi wake. Aheda Zanetti, Mwislamu mzaliwa wa Lebanon anayeishi Australia, alimtazama binti wa ndugu yake akicheza netiboli na hijabu iliyomzonga, akaona kuna kazi ya kufanya. Ndiye aliyetengeneza vazi la kuogelea la kujisitiri lililokuja kuzua zogo Ufaransa, na pia fulana yenye kofia ya kubana iliyoshonwa pamoja nayo, isiyohitaji pini. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia amejifunika na kushinda mita 200 kwenye Michezo ya Asia ya Doha, 2006, kisha akafika nusu fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008. Kampuni kubwa ya Nike ilileta hijabu yake ya michezo 2017, miaka mingi baada ya mafundi wadogo. Na Agosti 2024 Sifan Hassan alishinda marathoni ya Paris. Alikimbia bila ushungi, akaja kuvishwa dhahabu akiwa amejifunika, na mitandao ikamshambulia kutoka pande zote mbili. Sisi tulichokiona ni mwanamke aliyechoka na mwenye furaha.

Hapa Mwanza tuna somo letu la kitambaa. Huku ni Usukuma, nchi ya pamba. Wazee wetu wameilima, wameipeleka kwenye ushirika, na Mwatex ikaisokota hapa hapa mjini. Kwa dera la nyumbani pamba haina mpinzani. Kwa mbio ndefu ni adui: hunywa jasho ikalikumbatia, nguo inakuwa nzito, na kufikia kilomita ya nane makwapa na mapaja yamechubuka hata maji ya kuoga yanakuwa adhabu. Kitambaa chepesi cha jezi, kile cha poliesta chenye vitundu vidogo, hukauka upesi. Tunashona kanzu inayofika chini ya magoti, mpasuo pembeni, na suruali pana isiyoshika mwili. Kwenye kwapa tunaweka kipande cha pembe nne ili mkono upande bila kuinua nguo yote. Nyeupe tunaikwepa, ikilowa inaonesha. Ushungi ni wa kuvaa kwa kupitisha kichwani; pini kwenye mbio ni kutafuta kuchomwa shingo. Mafuta ya mgando kila panapogusana ngozi na ngozi. Raba tunachagua kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, na tunakunja soli kwanza kabla ya kutazama rangi.

Siku zenyewe zina sura nyingi. Jua la Mwanza huchomoza karibu nusu saa baada ya lenu la Unguja, kwa hiyo tukimaliza Alfajiri tunasubiri kidogo pakuche, wakati bodaboda wameshaamka na maneno yao. Tukitoka Kirumba upepo ukivuma vibaya tunapokewa na harufu ya dagaa wa Mwaloni. Tukifika Kamanga, ziwa limetulia na Jiwe la Bismarck limesimama majini kama limewekwa kwa mkono, mtu unasahau kichomi cha ubavuni. Kilima cha Capri Point kinatukumbusha upesi. Kuna asubuhi mwili unakataa tu, na kuna siku za hedhi ambazo kutembea kunatosha. Ramadhani tunakimbia kidogo saa moja kabla ya futari, tena polepole. Na mgeni akitaka kupoza miguu ziwani tunamzuia. Kichocho hakijali kwamba umetoka mazoezini.

Kuhusu uzito, mabibi harusi, hapa ndipo mnapotuchosha. Mnakuja miezi miwili kabla, mnataka mkimbie na kujinyima ili gauni lipungue namba mbili. Mbio za namna hiyo huisha na fungate. Anayekimbia kwa utulivu huenda kiuno kisipungue sana, lakini usingizi na pumzi vitabadilika, na ndiyo maana vipimo vya mwisho tunavichukua wiki moja kabla, si mapema.

Mwili kuongezeka na kupungua si habari mpya. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, anasimulia kwamba alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimshukie, wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili walishindana tena, naye akashindwa, na Mtume akamwambia kwa utani kwamba hii ni ya kulipa ile. Katika mapokezi mengine, kwanza aliwaamuru watu watangulie mbele. Sisi si masheikh na fatwa hatutoi. Tunaona tu kwamba stara imo, mke yumo, mume yumo, na mbio zimo.

Tunaitaja kwa sababu mmoja wetu anaolewa baada ya mavuno, na upande wa mume umeuliza, kwa upole lakini kwa msisitizo, kama ataendelea na "mambo ya barabarani". Kikundi kizima kilishika pumzi. Yeye hakujibu kwa hasira, wala hakusema atakimbia kwa siri, jambo ambalo baadhi yetu tulimshauri na akatukatalia. Aliomba wazungumze mbele ya mjomba wake kabla ya nikaha, akaeleza ni saa ngapi, na akina nani, na amevaa nini. Ile kanzu ya jezi aliwapelekea mama mkwe na wifi waishike kwa mikono yao. Mama mkwe aliigeuza ndani nje, akaukagua mshono wa kwapa, akauliza bei.

Jibu la mume mtarajiwa lilikuja wiki iliyopita, kupitia orodha ya sanduku. Baada ya vitenge, manukato na viatu vya visigino, ameandika kwa mkono wake: raba za kukimbilia, jozi moja, namba 39.