Kumbukumbu Ipi?

Mwenye kompyuta inayokwama katikati ya mchezo huko Kasongo, nchini Kongo, huambiwa aongeze memwari, neno la Kifaransa ambalo Kiswahili sanifu hulipa jina la kumbukumbu. Ushauri huo haufai kitu mpaka ijulikane ni kumbukumbu ipi. RAM hushika kazi inayoendelea na husahau yote umeme ukikatika. Diski hutunza mafaili. Ukiweka diski ya SSD mchezo utafunguka upesi, lakini kasi ya picha kwa kawaida haitabadilika. Diski na iitwe hifadhi, basi. Wapo watakaosema muktadha unatosha. Dukani hautoshi, maana giga 8 za RAM na giga 256 za diski huuzwa kwa jina lilelile.

Tena huenda kosa si la kumbukumbu hata kidogo. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio: mchezo ukichangamka, kadi ya picha ndiyo iliyozidiwa; usipochangamka, shuku prosesa. Ila ukitaka kadi yenye nguvu zaidi, kumbuka nayo hula umeme: GeForce RTX 3060 hufika wati 170, mzigo usiobebeka kwa paneli ndogo ya jua. Kwenye laptopu kadi ya picha kwa kawaida haibadilishwi. RAM huweza kubadilishwa kwenye baadhi ya laptopu.