Majarida ya upigaji picha: yana faida gani kwetu Pwani ya Kusini?

Vijana wa Ukunda na Msambweni wanaoanza kupiga picha kwa mapenzi huniuliza kama yafaa kununua majarida ya upigaji picha, au pesa hizo ni heri ziwe akiba ya lenzi. Mimi husema yanafaa, mradi uyasome ukijua kuwa hayakuandikiwa jua letu.

Si mambo ya jana haya. Amateur Photographer la Uingereza lilianza mwaka 1884. Popular Photography la Marekani lilianza mwaka 1937 na likaacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2017. Nakala mpya ni ghali, na nyingi nilizosoma mimi ni za mkono wa pili, zilizoachwa na wageni katika hoteli za Diani. Jarida kuwa la miaka kumi nyuma si neno. Kurasa za mwanga hazichachi. Zinazochacha ni za bei na kamera mpya.

Uzuri wake mkubwa ni utulivu. Kwenye simu utatazama video ishirini na usikumbuke hata moja. Jarida zuri hukupa picha iliyochapwa, na chini yake limeandika kasi, tundu la lenzi na ISO, na kwa nini mpigaji alisimama pale aliposimama. Unaiacha mezani, kesho unairudia.

Faida nyingine hujificha usipoitarajia. Matoleo ya Desemba na Januari hufundisha kupiga picha kwenye theluji, na wengi wetu huzipita kurasa hizo. Zisome. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hivyo theluji hutoka chafu, na dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja hadi mbili. Mchanga mweupe wa Diani una tabia hiyo hiyo. Mbega wetu ni kinyume: manyoya meusi yakijaa kwenye picha, kamera huongeza mwanga, weusi ukawa kijivu na yale manyoya meupe ya mabegani yakaungua. Hapo punguza.

Lakini majarida mengi huwaza uso mweupe. Weka uso mweusi mbele ya mchanga mweupe uone kazi: ukiupa uso haki yake, mchanga unapotea. Mimi humsogeza mtu ukingoni mwa banda la makuti, kivulini, uso ukielekea ufuo. Mchanga wenyewe humrudishia mwanga.

Watakwambia pia usubiri jua lizame baharini. Diani jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa Shimba Hills. Ile wanayoiita saa ya dhahabu si saa kwetu. Karibu na ikweta jua hupanda wima, na dakika 25 hivi baada ya kuchomoza ule mwanga laini umekwisha. Uingereza wakati wa kiangazi huupata karibu mara mbili ya hapo.

Ushauri wa hatari zaidi ni ule wa kupiga watu barabarani kwanza, maneno baadaye. Hapa mtu huulizwa, sembuse mama aliye kwenye shughuli zake. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya Mijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, wenye kauli ni wazee. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Kisha kuna pesa. Majarida haya huishi kwa matangazo ya kamera, na kila mwezi hukufanya uione uliyo nayo kuwa kuukuu. Wapiga picha wa kivukoni Likoni, miaka ya 1990, walikuwa na vibanda vya mbao na mandhari za kuchorwa, na picha zao watu wamezitunza. Pesa ya lenzi moja mpya ni nauli ya Shimoni, mashua ya Wasini mara kadhaa, na chenji ya kuchapishia picha uwape uliowapiga. Ukipata cha ziada, linda ulicho nacho: chumvi na unyevu huotesha ukungu kwenye kioo cha lenzi. Weka ndani ya mkoba vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Lakini jambo moja sijalikuta katika jarida lolote nililosoma, nalo ni bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo wavuvi wa pweza hutembea mwambani na kina mama hushuka na vikapu. Kwa mujibu wa majarida, saa hiyo jua ni kali na kamera ikae nyumbani. Nenda nayo. Inama chini, tafuta vivuli na maji yaliyobaki mashimoni, ujaribu picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Maji mafu hutoka jioni kwenye mwanga laini, ila hayaendi mbali, na mwamba wa pweza hubaki umefunikwa.