Lafudhi Sahihi Huamuliwa na Nani? Moscow, Unguja na Siha

Mrusi anapoandika jina la mji wake mkuu huweka o katika silabi ya kwanza, lakini kinywani hutoka a: Maskva. Maziwa huyaandika moloko, ila akiyaagiza dukani husema malako. O inayosalia ni ile ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mkazo. Sikio la Mswahili limezoea irabu itamkwe kama ilivyoandikwa, hivyo jambo hili humsumbua mwanafunzi, na mwalimu wa Kirusi humjibu kwamba hayo ndiyo matamshi sahihi. Usahihi huo una historia yake, nayo inawahusu hata watu wa Sanya Juu wilayani Siha, mahali ambapo Msiha, Mmachame, Mmeru na Mmaasai hukutana sokoni na kutambuana kwa lafudhi kabla bei haijatajwa.

Kaskazini mwa Urusi, pande za Vologda na Arkhangelsk, wanavijiji tangu zamani walitamka kila o kuwa o. Kusini, kuanzia Ryazan hadi Kursk, o isiyo na mkazo iligeuka a, na g nayo ikalegea ikawa karibu na gh ya ghali. Moscow imekaa mpakani mwa pande hizo mbili. Msingi wa usemi wake ulikuwa wa kaskazini, lakini wahamiaji na mazoea ya kusini vikaingia kidogo kidogo. Katika hati za karne ya 14 tayari kuna mahali mwandishi ameteleza akaandika a panapotakiwa o, na kwa mwanaisimu kosa kama hilo lina thamani kuliko kurasa nzima zilizonyooka, maana linafichua mdomo ulikuwa ukisema nini. Hatimaye mji ukachukua a ya kusini na kubaki na g ya kaskazini, na mchanganyiko huo ndio unaoitwa leo Kirusi safi. Mikhail Lomonosov, mwana wa mvuvi kutoka upande wa Arkhangelsk, aliisifu lahaja ya Moscow katika sarufi yake aliyoikamilisha mwaka 1755. Sababu alizotoa ni mbili: heshima ya mji mkuu, na uzuri wa lahaja yenyewe. Ya kwanza naiamini. Ya pili ni ladha ya mtu aliyekwisha kuhama kwao.

Kwetu mambo yalikwenda njia hiyo hiyo, tofauti ni kwamba waliokaa mezani walikuwa wageni. Kimvita cha Mombasa kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi na kiliungwa mkono na wamisionari wa huko. Kiunguja kilikuwa na biashara, misafara ya bara na wamisionari wa Unguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisanifisha. Huku kwenye Mlima Kilimanjaro, wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Sarufi ya mmisionari wao Johannes Raum ya mwaka 1909 ilitoka ikiitwa ya Kichagga, ingawa ilieleza lahaja ya Moshi. Kimachame kilipata kamusi yake ya Kijerumani mwaka 1947. Mwaka 1979 mwanaisimu Derek Nurse alipozipanga lahaja za Kichagga, mlima ulionekana kuwa na mafungu, la magharibi, la kati na la Rombo, na Kisiha kikaangukia magharibi pamoja na Kimachame na hata Kimeru. Kwa hiyo anayemcheka Msiha kwamba anaharibu Kichagga ameshika kipimo kilichotoka kwenye misheni ya jirani.

Atatokea wa kuuliza: bila matamshi ya pamoja, redio itasema nini na mtihani utasahihishwaje? Hoja hiyo ina uzito, na mimi siombi usanifu ufutwe. Anayejifunza Kirusi ajifunze a ya Moscow, tena aanze na mkazo kabla ya kuhangaika na konsonanti, kwa sababu asipojua mkazo uko wapi hawezi kujua irabu ipi inabadilika. Lakini haja ya kuwa na kipimo kimoja haithibitishi kwamba vingine vyote ni vibovu. Wengine watasema shule na televisheni zimekwisha kuzimaliza lahaja, kuzichunguza ni kupoteza muda. Kwa o ya kaskazini wamekaribia kweli, hasa mijini. Kwa gh ya kusini wamekosea: Mikhail Gorbachev, mzaliwa wa mkoa wa Stavropol huko kusini, aliongoza dola ya Kisovieti kuanzia 1985 hadi 1991 akiwa nayo mdomoni.

Warusi hawakuliacha jambo hili kwenye ubishi wa vijiweni. Ramani ya lahaja zao ilitoka mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Pili wanafunzi wa vyuo walitumwa katika maelfu ya vijiji na orodha moja ya maswali kuandika jinsi wazee wanavyotamka. Sisi tunayo Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, kazi kubwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayoonyesha lugha zinasemwa wapi na wasemaji ni wangapi. Sauti zenyewe, kijiji kwa kijiji, bado zinangoja. Wazee wa Siha wapo, na kila mwanafunzi wa isimu ana kinasa sauti ndani ya simu yake. Idara za lugha ziwape likizo moja na orodha ya maswali, waanzie hapa magharibi ya mlima.