Fundi wa Mifupa: Mtu Mzima na Ujuzi Usiozoeleka katika Karatu na Ngorongoro

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii inahusu malezi, lakini tumeipanua hadi ikawa nadharia nzima ya kujifunza. Tunaamini kwamba aliyepita ujana anaweza kuongezewa kidogo juu ya anachokijua, ila hawezi kuanza jambo geni kabisa akalimudu. Makala hii inaipinga imani hiyo kwa ushahidi wa eneo moja: wilaya za Karatu na Ngorongoro, kuanzia bonde la Ziwa Eyasi hadi Olduvai, Laetoli na ufuko wa Ziwa Natron. Ninadai kwamba umri ni kikwazo kidogo sana kwa mtu mzima anayetaka ujuzi usiozoeleka. Kikwazo kikubwa ni mazoea yetu ya kuamua kwa niaba yake nini kinamfaa, kisha kutoliandika jina lake anapokimudu.

Nianze na Eyasi, kwa kuwa huko hoja ya umri imepimwa. Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa huko, wamechunguzwa na wanaanthropolojia kwa miongo mingi. Mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha utafiti uliouliza swali la moja kwa moja: je, kweli inahitajika miaka 20 kujifunza kuwinda na kukusanya chakula porini? Waliwapima watu katika kuchimba mizizi, kulenga shabaha kwa upinde na kupanda mibuyu. Baadhi ya waliopimwa walikuwa wamepoteza miaka ya utotoni katika shule za bweni, mbali na pori. Kama utoto ungekuwa ndio wakati pekee wa kupata stadi hizo, hao wangeachwa mbali na wenzao. Hawakuachwa. Naikubali mipaka ya vipimo hivyo, maana kulenga shabaha iliyosimama hakulingani na kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa kwa nusu siku. Hata hivyo, matokeo hayo yanatosha kumtaka anayedai kwamba mtu mzima amechelewa atoe ushahidi wa dai lake.

Mazingira hayohayo yana kizuizi cha aina nyingine, nacho ni kizito kuliko miaka. Wahunzi wa Kidatoga hufua vichwa vya mishale na bangili kutokana na misumari, makufuli ya zamani na vipande vya shaba, na Wahadzabe hupata vichwa hivyo vya mishale kwa kubadilishana na asali na ngozi. Ufundi huo hurithiwa ndani ya koo. Kwa Wamaasai, wahunzi wanaoitwa Ilkunono walitengwa hata katika ndoa. Pale ambapo ufundi ni nasaba, mtu mzima anayetamani kufua chuma haulizwi kama anaweza. Anaulizwa ni mtoto wa nani. Swali hilo halijatoweka mijini. Limebadilika tu, sasa huulizwa kwa vyeti.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu mtu mzima anayeanza ujuzi mgeni kilitokea katika Korongo la Olduvai. Mwaka 1960 Kamoya Kimeu, kijana wa Kikamba kutoka Makueni, Kenya, mwenye umri wa miaka kama 22, aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba katika korongo hilo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa ameliona hapo fuvu la zamadamu lililopewa jina la Zinjanthropus. Kazi yenyewe haikuwa na heshima yoyote nyumbani kwa Kamoya. Mila ya Wakamba inakataza kuigusa mifupa ya wafu, na mtu anayesafiri kwenda kufukua mafuvu alikuwa wa kutiliwa shaka. Kwa hiyo ujuzi aliouendea ulikuwa mgeni kwake kwa maana zote mbili: hakuna aliyeufahamu, na waliousikia waliuogopa.

Ni muhimu tusiipambe hadithi hii. Kamoya hakwenda Olduvai kwa sababu aliupenda ufundi wa visukuku, kwa kuwa hakujua kwamba upo. Alifuata mshahara. Uchaguzi ulikuja baadaye, pale kazi ya jembe na sururu ilipokwisha na yeye akataka kujua kilichofukuliwa ni nini, ni cha mnyama gani, na kwa nini jino hili likusanywe na lile liachwe. Mary Leakey na mumewe Louis, waliokuwa wakiongoza uchimbaji, walimjibu. Wakamfundisha maumbo ya mifupa kwa kuiweka mbele yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka jicho lake likashika tofauti. Wengi wanaoandika kuhusu kujifunza ukubwani huanzia kwenye shauku, kana kwamba mtu huamka asubuhi akiwa ameshajua anachokitaka. Uzoefu wa Olduvai unaonyesha mpangilio mwingine: mtu hukaribia kazi kwa sababu ya kawaida kabisa, kisha humo ndani huuliza swali ambalo kibarua hatarajiwi kuuliza. Hapo ndipo anapochagua.

Miaka 4 tu baadaye, mwanzoni mwa 1964, katika msafara wa Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, na mwanaakiolojia Glynn Isaac, Kamoya aliliona huko Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron, taya la chini la zamadamu wa jamii ileile ya Zinjanthropus. Taya la aina hiyo halikuwa limepatikana kabla. Peninj iko ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, na ninasikitika kwamba wanafunzi wengi wa wilaya hiyo hawalifahamu jina la aliyeligundua. Mwaka 1977 alikabidhiwa usimamizi wa maeneo ya kale na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1984, Nariokotome karibu na Ziwa Turkana, aliokota kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto za rangi ileile, na kutoka hapo ikafukuliwa karibu mifupa yote ya kijana wa Homo erectus aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan alimkabidhi nishani ya National Geographic, na mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kikamtunuku shahada ya heshima. Alifariki dunia Julai 2022.

Hakuwa peke yake. Peter Nzube ndiye aliyeliona Olduvai, mwaka 1968, fuvu la Homo habilis linaloitwa OH 24, likiwa limebanwa bapa na mwamba. Maundu Muluila aliliokota Laetoli mwaka 1974 taya la LH 4, ambalo miaka 4 baadaye ndilo lililochaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha spishi ya Australopithecus afarensis, ingawa dunia nzima inaikumbuka spishi hiyo kwa jina la Lucy wa Ethiopia. Watu hawa waliingia kazini wakiwa wakubwa. Elimu yao waliipata kwenye vumbi, kwa kutembea.

Ufundi wao unastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi huudhania ni bahati. Mtafutaji wa visukuku huanza mapema, wakati jua likiwa chini na kila kokoto ikitupa kivuli. Hutafuta mara tu mvua zinapopita, maana maji humomonyoa kingo za korongo na kufunua kilichokuwa kimefunikwa. Hujifunza kwanza matabaka ya ardhi, kwa sababu mfupa uliokutwa bila tabaka lake hauna umri. Hulitambua jino kwa mng'ao wake na mfupa kwa vinyweleo vyake vya ndani. Akiwa na shaka hugusisha kipande ulimini, kwani kisukuku hunata na jiwe la kawaida halinati. Yote haya yanadai subira, uangalifu wa ardhi na uwezo wa kutembea taratibu bila kuchoka kutazama. Mtu aliyechunga mifugo kwa miaka 30 anazo tayari. Mtoto wa miaka 10 hana. Ndiyo maana nasema kwamba katika ufundi kama huu ukubwa wenyewe ni mtaji: mtu mzima haji mikono mitupu, huja na jicho lililofundishwa na kazi nyingine.

Hata mwalimu wa Kamoya alikuwa mwanafunzi wa ukubwani. Mary Leakey, aliyezaliwa 1913, hakuwahi kufaulu mtihani wa shule wala kupata shahada kwa kusomea. Alianza kwa kuchora zana za mawe, na alifika Olduvai kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Nafikiri hilo lilichangia namna alivyowafundisha wengine. Mwaka 1978, baada ya alama ya kisigino kuonekana Laetoli, alimtuma Ndibo Mbuika akachimbe pale, na Ndibo akarudi na habari kwamba nyayo ziko mbili. Kutoka hapo ikafunuliwa njia ya nyayo zenye miaka milioni 3.66.

Sasa tuitazame sera. Tanzania ina historia ya kujivunia katika elimu ya watu wazima. Katika Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa 1964 Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba taifa lianze na watu wazima, kwa kuwa matunda ya kusomesha watoto yangechukua miaka mingi kuonekana. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa, ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO kati ya 1968 na 1972, ulitoa vitabu vya kusoma kupitia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu kuzunguka redio. Mamilioni walijifunza kusoma na kuandika. Siwezi kuitaja kazi hiyo bila heshima. Lakini mantiki yake ilikuwa kumwongezea mkulima wa pamba pamba zaidi, na mvuvi uvuvi zaidi. Hakuna mahali ambapo mkulima wa pamba aliulizwa kama angependa kujifunza jambo lisilohusiana kabisa na pamba.

Mantiki hiyo bado inatutawala. Vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hujikuta vikipendekeza sabuni, batiki na kuku, maana hayo ndiyo anayoyaelewa mtu wa kuidhinisha. Wanawake wa mtaa mmoja wakijifunza wote kutengeneza sabuni, watamuuzia nani? Hasara ya kufundisha kila mtu ujuzi uleule ni ya kiuchumi pia, wala si ya kiroho peke yake. Ujuzi usiozoeleka una soko dogo, ila washindani wake ni wachache.

Najua pingamizi lililopo: mama wa Karatu mwenye watoto wanne hana nafasi ya kuchezea mawe. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu langu si kumtaka aache shamba lake. Namtaka apewe uchaguzi wenye masharti yanayowezekana. Malighafi iwe karibu, fundi mjuzi awepo hai na akae muda wa kutosha, na kukosea kusigharimu sana. Chukua mfano wa kuchonga zana za mawe, ufundi ambao Louis Leakey aliujifunza na kuuonyesha hadharani, akimchuna mnyama kwa vipande alivyovipasua mwenyewe. Mawe ya kilima cha Naibor Soit, yaliyotumiwa na zamadamu wa Olduvai, yako kilomita chache tu kutoka kwenye korongo. Pigo lililokosewa linapoteza jiwe moja. Makumbusho yapo palepale, na wageni wanaotaka kuona zana zinavyotengenezwa hawakosekani. Anayeweza kuwaonyesha ni mkazi aliyejifunza, akitambuliwa na kulipwa kama fundi.

Kutambuliwa ndiko kunakosahaulika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: mwashi, fundi magari au mpishi aliyejifunza mtaani hupimwa na kupewa cheti. Utaratibu huohuo ungeweza kupanuliwa hadi kwa watafutaji wa visukuku, wachimbaji wa kiakiolojia na watunzaji wa maeneo ya kale. Nyayo mpya za Laetoli zilizotangazwa 2016 na Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao zilipatikana katika mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kabla ya kujenga makumbusho. Kila shimo kama hilo lina mikono iliyolichimba, na mikono hiyo inahitaji cheti kitakachoonyeshwa kwa mwajiri wa msimu ujao.

Na kazi ipo. Nyayo za Laetoli zilizofunuliwa 1978 na 1979 zilifukiwa kwa udongo uliokuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, na mizizi yake ikaanza kuzitishia. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty walilazimika kuzifunua, kuing'oa mizizi na kuzifukia upya chini ya mchanga, vitambaa vya kuzuia mizizi na mawe ya volkeno. Tangu hapo usalama wa nyayo hizo unategemea mtu wa kukagua baada ya kila masika na kung'oa miche ikiwa bado midogo. Mfugaji wa Endulen, jirani na Laetoli, mwenye miaka 45, anayeutambua mgunga ukiwa na majani mawili tu, ameshaipata nusu ya ufundi huo. Nusu iliyobaki, yaani kusoma matabaka, kupima na kuweka kumbukumbu, inafundishika, na mamlaka za mambo ya kale na za hifadhi zinaweza kuanza kuifundisha masika yajayo.