Debe, Gunia na Mizani: Kinga ya Mlaji na Biashara ya Mpunga katika Bonde la Kilombero

Historia ya haki za mlaji nchini Tanzania huandikwa kwa kawaida kwa kuitazama miji, na mara nyingi huanzia mwaka 2003, Bunge lilipotunga Sheria ya Ushindani. Mkabala huo hauitoshi Ifakara. Katika bonde la Kilombero mtu yuleyule huuza mpunga baada ya mavuno, hulipia ukoboaji mashineni, hununua mbegu kabla ya mvua na, mwaka ukiwa mbaya, hununua chakula alichokiuza mwenyewe miezi michache kabla. Nani alindwe dhidi ya nani ni swali lisilojibika kwa kutazama tu ni nani aliyeshika fedha.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ililigusa swali hilo mapema, ingawa kwa nia ya ulezi zaidi kuliko ya haki. Sheria ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimnyima mfanyabiashara asiye Mwafrika uwezo wa kudai mahakamani deni la Mwafrika, isipokuwa mkopo huo uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Sheria iliuondoa mkopo mahakamani, lakini haikuiondoa haja ya mkopo. Mkulima mwenye njaa ya mwezi Februari aliendelea kuhitaji kitu cha kuivukia, na mkopeshaji asiyeweza kushtaki alikuwa na sababu zaidi ya kujilipa kwa njia nyingine: bei na kipimo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1931, iliyofuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya 1893, ina kanuni ambayo ingepaswa kutajwa katika kila mjadala wa kipimo. Muuzaji akikabidhi bidhaa zaidi ya kiasi kilichoafikiwa, mnunuzi anaweza kuikataa ziada. Akiipokea yote, atailipia kwa kiwango cha bei ya mkataba. Kwa maneno mengine, ziada si bure. Lakini kanuni hiyo inadai kwanza kuwepo kwa kiasi kilichoafikiwa. Wawili wakipatana bei ya “gunia”, bila kutaja kilo, ziada haina pa kuanzia: gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba juu bado ni gunia moja.

Hapo ndipo debe linapohitaji kutazamwa kwa karibu. Lilianza kama kopo la mafuta ya taa, likageuka kipimo cha nafaka katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hupima ujazo, si uzito, na udhaifu wake wote hutoka hapo. Debe likigongwa kwa ndani hadi mbavu zake zitokeze, hubeba zaidi bila kubadili jina. Likitikiswa, mpunga hushuka na kuacha nafasi. Likijazwa hadi kuwa na kichuguu, kile kichuguu ni cha mnunuzi. Mpunga wenye mapepe hulijaza debe haraka, na hapo anayeumia ni mnunuzi. Hila hazikuwa za upande mmoja, na uandishi unaomchora mkulima kuwa mhanga wa daima haumtendei haki hata yeye. Tofauti ni kwamba mchuuzi mwenye lori anaweza kwenda kijiji cha pili, ilhali mwenye deni la dawa na ada ya shule hana kijiji cha pili.

Mizani ilipata nguvu mpya chini ya dola. Sheria ya Kudhibiti Bei ya mwaka 1973 iliunda Tume ya Bei, na Shirika la Taifa la Usagishaji likawa mnunuzi rasmi wa nafaka kwa bei iliyotangazwa kwa kilo. Kipimo kilinyooka, malipo na bidhaa za dukani havikunyooka. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilikuwa kwa namna yake sera ya kumlinda mlaji, ila ilimlinda kwa kusaka walioficha sabuni na sukari, si kwa kumpa mlaji dai la kisheria. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, wanunuzi binafsi walirejea hatua kwa hatua, na gunia likarejea nao.

Sheria ya Vipimo ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo ukaanzishwa mwaka 2002. Kifungashio cha mazao kina kikomo cha kilo 100, na lumbesa ni kosa. Hata hivyo, gunia linalokamatwa barabarani limekwisha kulipwa shambani. Faini huenda serikalini. Kilo zilizozidi hazimrudii aliyezivuna.

Sheria ya Ushindani ilipotungwa mwaka 2003, mtu angetarajia mkulima apate mlango mwingine. Fasili yake ya mlaji, hata hivyo, ilimtenga anayenunua ili kuuza tena, na pia anayenunua bidhaa au huduma kwa ajili ya kuzalisha bidhaa za kuuza. Mkazi wa Dar es Salaam anayenunua kilo mbili za mchele wa Ifakara kwa ajili ya chungu chake ni mlaji bila shaka. Mkulima wa Mngeta aliyeuziwa mbegu isiyoota anategemea Sheria ya Mbegu ya mwaka huohuo wa 2003. Kuhusu mbolea anategemea Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Zote mbili zimejengwa juu ya usajili, ukaguzi na adhabu. Na ukoboaji? Akikoboa debe moja la kupika nyumbani, ni mlaji wa huduma. Akikoboa magunia kumi ya kupeleka sokoni, kwa mashine ileile, siku ileile, na chenga zikazidi kwa sababu ya mashine mbovu, fasili hiyo, kama ilivyotungwa mwaka 2003, ilimweka nje, naye akabaki na sheria ya kawaida ya mikataba, mbele ya mahakama ambayo ingemuuliza kwanza mpunga ulikuwa kilo ngapi ulipoingia.