Veranda ya Mount Vernon

Veranda ya Mount Vernon ni baraza ndefu iliyo upande wa mashariki wa nyumba ya George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, katika jimbo la Virginia. Inatazama mto Potomac. Ujenzi wake ulianza 1777, mwenye nyumba akiwa vitani, na kazi ikasimamiwa na ndugu yake wa mbali, Lund Washington.

Paa lake liko juu kama la ghorofa mbili na limebebwa na nguzo nane za mraba, zote za mbao. Chini, mawe ya sakafu yaliagizwa Whitehaven, Uingereza, yakatandazwa 1786. Nguzo kubwa namna hii kwa kawaida huwekwa mbele, zimtishe kidogo mgeni. Washington alizipeleka nyuma, penye upepo wa mto, akapata sebule isiyo na kuta.

Na sebule haikosi viti. Orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo chake mwaka 1799 inataja viti 30 vya Windsor barazani. 24 alikuwa ameviagiza Philadelphia mwaka 1796. Fundi wa viti hivyo huchonga kikalio kutoka ubao mmoja mzito, kisha huchomeka miguu na fito nyembamba za mgongo katika matundu yake. Hupakwa rangi, ni vyepesi kuhamishwa na haviogopi unyevunyevu. Mwaka huohuo wa 1796 msanifu majengo Benjamin Henry Latrobe alichora familia ya Washington ikipunga upepo hapo kwa chai.

Chai hiyo haikujileta. Mwaka 1799 watumwa zaidi ya 300 waliishi katika shamba hilo, na wageni waliokaa barazani walihudumiwa kwa jasho lao.

Kufikia miaka ya 1850 nyumba ilikuwa imechakaa, hata paa la veranda likashikiliwa na milingoti ya meli. Ann Pamela Cunningham wa South Carolina alianza kuwahamasisha wanawake wenzake mwaka 1853, na mwaka 1858 chama chao kikakubaliana kuinunua kwa dola 200,000. Ndicho kinachoitunza mpaka leo.

Mandhari nayo ililindwa: tangu 1961 ng'ambo ya mto, upande wa Maryland, imehifadhiwa kisheria isije ikajaa majengo. Wageni wa leo wanaruhusiwa kuketi kwenye viti vya mtindo uleule na kuutazama mto.