Nani Aliwapa Majina Chungu wa Kaskazini?

Ukitaka kujua Kaskazini Mashariki iliandikwa vipi, na nani, usianze na wanasiasa. Anza na chungu.

Simaanishi chungu cha kupikia. Namaanisha wadudu wale ambao majirani zetu Watanzania huwaita sisimizi, na ambao sisi tuliolelewa Garissa tunawaita quraanjo. Huku kwetu si wadudu wa kudharauliwa. Mtoto wa duksi hajamaliza hata juzuu tano ashaambiwa kwamba iko sura nzima yenye jina lao, An-Naml, ambamo chungu mmoja anawaonya wenzake waingie majumbani wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman. Heshima tunayo tangu zamani. Rejista ndiyo hatuna, na hilo lina historia yake.

Mwaka 1891 mwanamfalme wa Kiitaliano, Eugenio Ruspoli, aliingia bara ya Somalia akiandamana na Conrad Keller, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi. Keller alivutiwa na migunga yenye miiba iliyovimba kama vibuyu vidogo, na ndani ya vibuyu hivyo wanaishi chungu. Alibeba vielelezo hadi Ulaya. Mwaka 1892 Mswisi mwenzake, August Forel, akawaandika chungu hao kwenye majarida ya sayansi, na mmoja wao akampa jina la yule mwanamfalme: Crematogaster ruspolii. Mwaka uliofuata, Desemba 1893, Ruspoli aliuawa na ndovu akiwa safarini.

Hiyo stori ina kejeli ambayo hakuna aliyeijua wakati huo. Mwaka 2010 watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer walionyesha kwamba chungu wa jamii hiyohiyo ya Crematogaster, wale wa migunga ya Laikipia, ndio wanaomfukuza ndovu asivunje miti. Wanaingia kwenye mkonga na kuuma. Yaani mtu aliyeuawa na ndovu aliachiwa jina lake kwa jamaa ya mdudu anayemkimbiza ndovu.

Baada ya Ruspoli akaja Kapteni Vittorio Bottego, aliyeufuata mto Jubba mpaka kwenye vyanzo vyake kati ya 1892 na 1893. Chungu waliotoka kwenye safari yake waliandikwa mwaka 1895 na Carlo Emery, profesa wa Bologna. Hapo tukapata Camponotus bottegoi. Sasa angalia ramani: Jubba si mbali na sisi. Nyika ni ileile na mbuga ni zilezile za migunga. Ndugu zetu wako pande zote mbili, na mpaka ulioko leo ulichorwa baadaye tu, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland mwaka 1925. Chungu wa ng'ambo wakaingia kwenye madaftari ya Italia. Wa upande huu wakabaki chini ya serikali iliyotaka kitu kimoja tu kutoka kwetu: tutulie.

Utulivu huo uliletwa kwa sheria. Wakoloni waliigeuza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ya wazee wetu, kuwa eneo lililofungwa. Huingii bila kibali, hutoki bila kibali. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, sisi tulipata hali ya hatari kabla hata mwezi haujaisha. Vita vya shifta viliendelea hadi 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu mpaka 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku zilipotangazwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake zilipofutwa.

Katika miaka hiyo, nani angekuja kupiga magoti kwenye mchanga wa Fafi au Ijara na kuhesabu wadudu? Sayansi ya viumbe inataka amani ya kawaida kabisa: gari, kambi, mwenyeji asiyekuogopa, na askari asiyekuuliza maswali. Tazama orodha zilipo leo. Msitu wa Kakamega una orodha iliyochapishwa mwaka 2009 yenye spishi zaidi ya 280 za chungu. Mkomazi, kule Tanzania, ambayo ni nyika ya migunga na mibambara inayofanana sana na yetu, ilikuwa na hesabu ya spishi zaidi ya 200 kufikia 1999. Kwa hiyo mtu akikuambia kaskazini ni jangwa tupu, mpeleke Mkomazi. Nyika kavu si tupu.

Na hapa ndipo shamba linapoingia. Ukingo wa mto Tana umelimwa kwa karne nyingi na Wapokomo, kwa kufuata mafuriko. Skimu kubwa zilikuja baadaye. Ya Hola ilianza 1953, na mifereji yake ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa huko kwa kukataa kazi ya kulazimishwa, na serikali mwanzoni ikadai wamekufa kwa maji ya kunywa. Halafu ikaja Bura, ng'ambo ya mto, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mpango wa mwanzo ulikuwa hekta 6,700 za kunyunyiziwa maji. Zilizotengenezwa hazikufika nusu. Zao lilikuwa pamba, na pamba haiendi bila dawa ya wadudu. Kwa ajili ya kuni ikapandwa mathenge, mti ambao leo mfugaji yeyote wa Garissa atakutajia akiwa amekunja uso.

Kwa chungu, shamba la namna hiyo ni kama jiji lililobomolewa. Trekta linapindua viota vilivyochimbwa ardhini. Maji ya mfereji yanazamisha waliozoea ukavu. Dawa haichagui adui na rafiki. Wanaobaki ni wachache wasiochagua makazi, na wanazaana sana kwa sababu washindani wao wamekwisha. Ukipita haraka utaona chungu wengi shambani na utadhani mambo ni shwari. Lakini wingi si aina nyingi. Mtaa wenye maduka 50 ya simu na hakuna duka la dawa una maduka mengi, sawa, ila siku ukiugua ndiyo utajua.

Si eti kila shamba lazima liwe hivyo. Ushahidi mzuri uko pwani yetu wenyewe. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, Michael Way, alikuwa Zanzibar akichunguza kwa nini minazi inaangusha vidaka. Alimkuta mdudu anayefyonza vidaka hivyo, na mdudu huyo baadaye akapewa jina lake: Pseudotheraptus wayi. Ila alikuta pia kwamba minazi yenye maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ilisalimika zaidi. Shida ni kwamba maji moto wana adui, chungu mdogo wa kichwa kikubwa anayeitwa Pheidole megacephala, ambaye huwavamia na kuwafukuza mitini.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2011, Way na wenzake akiwemo Zuberi Seguni wa Tanzania walichapisha jibu la kazi ya muda mrefu, na jibu lenyewe halikuhitaji pesa. Ukipalilia shamba la matunda mpaka ardhi ibaki uchi, unampa nguvu kichwa kikubwa. Ukiacha majani yafunike ardhi, maji moto wanapata nafasi, na wao wanalinda matunda yako. Yaani lile shamba ambalo jirani analiita chafu ndilo lenye askari.

Kichwa kikubwa huyo si wa kuchezea. Alipoingia Laikipia aliwaua wale chungu wanaolinda migunga. Ndovu wakapata uhuru wa kuvunja miti, uwanda ukawa wazi, na simba akakosa pa kujificha anapowinda punda milia. Utafiti uliofanyika Ol Pejeta na kuchapishwa Januari 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2003 na 2020 punda milia walishuka kutoka asilimia 67 hadi 42 ya mawindo ya simba, na nyati wakapanda kutoka sufuri hadi 42. Chungu asiyefika hata nusu sentimita alibadilisha chakula cha simba.

Garissa tuna hadithi iliyogeuzwa. Hirola, mmoja wa swara adimu zaidi Afrika, amebaki chini ya 500. Hifadhi ya Arawale ilitangazwa kwa ajili yake mwaka 1974, na hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ikamjengea uzio dhidi ya wanyama wakali mwaka 2012. Moja ya shida zake ni kwamba miti imezidi na nyasi zimepungua, kwa kuwa ndovu waliokuwa wakiivunja waliuawa au kuhama. Laikipia miti inapungua kwa sababu ya chungu. Kwetu inazidi kwa kukosa ndovu. Huwezi kuponya mbuga kama hujui chini yake kuna nani. Na kichwa kikubwa husafiri na udongo, miche na mizigo, vitu vilevile vinavyopanda lori kila siku kwenda mashamba ya Tana.

Wengine walishajua thamani ya wadudu hawa. Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wapatao 5,000 wa chungu, wakiwemo Messor cephalotes, wavunaji wakubwa wa mbegu. Mei mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja au miezi 12 jela. Mitandaoni tulicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikamkumbuka Bottego. Safari hii tofauti ni kwamba kuna aliyeuliza kibali kiko wapi.

Lakini kuzuia vitu visitoke ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuvijua. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na bado naelewa njia hii, kwa sababu ni rahisi ajabu. Unazika kikombe cha plastiki mdomo ukiwa sawa na ardhi. Unaweka maji kidogo na sabuni. Unaacha siku mbili. Vikombe 20 shambani kwa mzee wa maembe kando ya Tana, 20 ndani ya hifadhi, kisha unahesabu aina, si vichwa.

Chuo Kikuu cha Garissa kipo. Kilipoteza watu 148 tarehe 2 Aprili 2015, na Januari 2016 kikafungua milango tena. Wanafunzi wake wanaweza kufika mtoni na kurudi siku hiyohiyo, bila kibali cha mkuu wa wilaya. Wazee wao hawakuwa na ruhusa hiyo. Spishi ya kwanza watakayoipa jina, naomba tu isiwe la mwanamfalme.